Nguzo ya Kwa Binti Sefu

Chumba mnachowekea matairi na maboksi ya karatasi, pale nyuma ya kituo, ndimo nilimofanyia kazi tangu kituo chetu kilipofunguliwa hapa Kibiti mpaka nilipostaafu mwaka huu. Frank, aliyeshika nafasi yangu, ameniomba niwaandikie niliyoyaona humo. Nilimwambia mimi nimeishia darasa la saba, na ripoti ndefu kuliko zote niliyowahi kuandika ilihusu nyoka aliyeingia kwenye kabati la betri. Akasema, "Basi anza na nyoka, mzee." Sitaanza na nyoka. Yule alitoka mwenyewe, hakumdhuru mtu, na ripoti yenyewe nadhani hakuna aliyeisoma.

Nilianza kama mlinzi wa lango. Siku lori lilipoleta mitambo niliambiwa nisaidie kushusha kompyuta kubwa itakayopiga hesabu za mafuriko ya Rufiji. Nilijiandaa kwa kitu cha kubebwa na watu wengi. Tukashusha maboksi ya kijivu, kila moja kama sanduku la nguo, yaliyokuwa yametumika kwenye chuo fulani huko nje mpaka wakayachoka. Mengine yalikuwa bado na vibandiko vya timu za mpira. Lori lilipobaki tupu nikamuuliza Dokta Pendo, mtaalamu wa maji aliyekuwa akiongoza kituo, "Na ile kubwa inakuja lini?"

"Ndiyo hiyo umeishusha, kaka Mudi."

"Hizi ndogondogo?"

"Zikiungwa pamoja ndiyo kubwa."

Alinieleza kwa namna ambayo mpaka leo sijapata iliyo bora. Bonde zima, kuanzia kule juu mto unakoingilia mpaka kwenye mikoko, linagawanywa vipande ndani ya hesabu. Kila mashine hupewa ngwe yake, kama watu walioalikana kulima shamba la mmoja wao. Ila shambani ukimaliza ngwe yako unakwenda kukaa kivulini, na maji hayajui mpaka wa ngwe. Kwa hiyo kila baada ya hatua moja mashine humwambia jirani yake: yaliyotoka kwangu yakaingia kwako ni kiasi hiki. Jirani naye huwaambia wa upande wa pili. Mmoja akichelewa, wote husimama kumngoja.

"Kumbe kazi yote inakwenda kwa mwendo wa mvivu mmoja," nikasema.

"Hapo ndipo penye kazi yetu," akajibu, akaenda kutafuta waya.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Fundi Rajabu wa Ikwiriri, Mungu amrehemu. Alikuwa fundi wa majokofu ya wanunuzi wa kamba kule Nyamisati, akaletwa kwetu kufunga viyoyozi. Hakuwa na habari na kompyuta wala hakutaka kuwa nayo. Alisema kwake joto ni joto. "Kamba akipata joto ananuka, dunia nzima itajua," aliniambia. "Hii ikipata joto inakaa kimya. Kwa hiyo usingoje harufu." Alinifundisha kuweka kiganja nyuma ya kila boksi nikihisi hewa inayotoka, na kusikiliza feni. Feni nzima huvuma, iliyochoka hukoroma, na inayokaribia kufa hulia kama kifaranga. Nilikuja kununuliwa kifaa cha kupima joto, kizuri sana, na nilikitumia. Lakini kiganja nilianza nacho kila asubuhi, maana betri za kile kifaa zilikuwa zikiazimwa kwa ajili ya rimoti ya televisheni.

Adui zetu walikuwa vumbi la barabara, hewa ya chumvi, sisimizi, na mijusi wanaopenda vuguvugu kuliko wanavyopenda maisha. Vumbi nililitoa kwa brashi ya rangi, boksi moja baada ya jingine, kama mtu anayesafisha meno ya mtoto. Sisimizi hawakuzuilika. Fundi Rajabu alipaka mafuta ya taa kwenye miguu ya meza, akaridhika, na kesho yake wakapita darini.

Jambo jingine la siku zile ningependa mlijue, kwa sababu sijui kama bado mnalifanya. Kila Ijumaa kabla ya swala tulikaa na kahawa na kashata, na kila mtu akaeleza alichokosea wiki ile. Dokta Pendo alianza yeye. Mgeni mmoja kutoka makao makuu ya mradi, Dar es Salaam, alidhani ni adhabu, akamnong'oneza dereva kuuliza tumefanya nini. Dereva akamwambia, "Leo bado hatujafanya, ndiyo maana kikao kifupi." Dokta Pendo alikuwa akisema kosa lililotajwa Ijumaa halikui. Sikuona ubaya wa neno hilo, ila nilikuja kuona kwamba ili kosa litajwe lazima kwanza mtu ajue kuwa ni kosa.

Sasa nije kwa kaka yangu.

Mashine haijui mto mpaka ifundishwe. Inapewa misimu iliyopita, inapiga hesabu ya maji, inalinganisha na maji yaliyoonekana kweli, inarekebishwa, inarudia. Hayo yaliyoonekana kweli hutoka kwenye nguzo za kupimia zilizosimamishwa kando ya mto, zenye alama, na kila nguzo ina msomaji wake kijijini. Kwenye diko linaloitwa Kwa Binti Sefu, bondeni upande wa Mkongo, pale watu wanapofunga mitumbwi na kuchota maji, msomaji alikuwa kaka yangu Bakari. Sikumtafutia kazi hiyo mimi. Kijiji ndicho kilichomchagua, kwa kuwa alikuwa akiamka mapema na ana simu inayokaa na chaji.

Alipiga asubuhi na jioni. Mimi nilipokea, nikairudia namba kwa sauti ili asije akawa kasema moja nikasikia nyingine, naye akaithibitisha kwa maneno yaleyale: "Ndiyo hiyo." Kisha zikaja habari ambazo mashine haikuziomba.

"Viboko wawili wamelala kwa Mzee Kindamba. Mwambie Dokta awaweke kwenye hesabu."

"Viboko hawamo, kaka."

"Basi hesabu yenu pungufu. Shemeji yako anakusalimu."

Misimu ikapita hivyo. Utabiri ukawa unatoka, unapelekwa kwa wenyeviti wa vijiji, na kwa sehemu kubwa ukawa unakaribia kweli. Watu wa bondeni waliuzoea. Mkulima wa mpunga kule haishi kijijini msimu wa shamba. Hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, akakaa humo katikati ya shamba mpaka mavuno, akifukuza ndege, nguruwe na viboko. Maji yakija kiasi, yanapita chini yake. Kwa hiyo walichotaka kutoka kwetu ni jibu moja: yatafika wapi kwenye miguu ya dungu?

Mwaka ule wa mvua kubwa mashine ilisema, kwa upande wa Kwa Binti Sefu, yatafika magotini mwa mtu. Mwenyekiti akatangaza msikitini. Mimi nilisikia kwa madereva kwamba huko juu mvua ya namna ile haijawahi kuonekana, moyo haukutulia, na kaka alipopiga jioni na namba yake nikamwambia atoke.

"Nitoke niende wapi? Maji yanapanda taratibu. Nimetoka kuyasoma sasa hivi."

"Nenda kijijini. Siku mbili tu."

"Mashine yako imesema magotini. Au unaikana mashine yako?"

"Siikani."

"Basi niachie mpunga wangu. Nikiondoka leo, viboko watanivunia."

"Na shemeji?"

"Shemeji yako na mwanangu Zaituni nimewapandisha tangu juzi. Mimi siyo mjinga wote, Mudi. Nusu tu."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Maji yalipita sakafu ya dungu. Wenzake wawili wa shamba la jirani walishika mti wakaokolewa kwa mtumbwi kulipokucha. Yeye alipatikana siku iliyofuata, upande wa chini sana. Tulimzika kijijini.

Matanga yalipoanuliwa nilirudi kazini. Nilipitisha kiganja nyuma ya kila boksi kama kawaida. Mashine zote zilikuwa zinafanya kazi vizuri. Ningekuta zimeungua ingekuwa nafuu, maana ningejua kilichotokea.

Siku chache baadaye nilikuwa chini ya meza ya Dokta Pendo nikibadilisha soketi, yeye akizungumza na mkuu wa takwimu wa makao makuu kwa simu iliyowekwa sauti ya nje. Nadhani alisahau kuwa nipo, na yule bwana hakuwa na namna ya kujua. Alisema mto mzima umepanda, nguzo ya juu imepanda, nguzo ya chini imepanda, hii ya katikati peke yake inapanda taratibu kama maji ya kisima. Akasema si mwaka huu tu, kila mwaka wa maji mengi ndivyo. "Namba za huyu msomaji zimepikwa, Pendo. Alikuwa anakaa kwake anatunga. Zifuteni zote, mashine ifundishwe upya bila yeye."

Nilitoka chini ya meza. Dokta Pendo aliniona, akaizima ile sauti ya nje, lakini neno lilikwisha kutoka.

Nataka mnielewe hapa. Yule bwana sikumchukia. Kuna wasomaji wa nguzo waliopika namba, sisi sote tunawajua, na kwa kilichokuwa mbele yake hata mimi ningefikiri hivyo. Kilichonikaa kooni ni hiki. Kama ni kweli, basi mashine ilifundishwa kwa namba za uongo za kaka yangu, ikatoa utabiri wa uongo, naye akauamini akabaki kwenye dungu. Yaani aliuawa na maneno yake mwenyewe, na wale wenzake wawili nusura wamfuate. Kama si kweli, basi mtu aliyeamka alfajiri miaka yote ile anafutwa kama tope mlangoni, na binti yake atakua akisikia baba alikuwa mwongo. Nilitaka kujua ni lipi. Sikutaka kutetewa, nilitaka kujua.

Dokta Pendo aliniita nje. "Nikuulize kama mtu, siyo kama mdogo wake. Anaweza kuwa alitunga?"

"Sijui, Dokta."

"Hujui?"

"Kaka alikuwa mwongo wa samaki. Kambale wa mkono mmoja akifika nyumbani ana mikono miwili. Kwenye namba sikuwahi kumkamata. Lakini sikuwa nimesimama naye majini, siwezi kumwapia."

Alinitazama kidogo. "Wengine wangeapa," akasema.

"Ningeapa, ungeniamini?"

Akaniambia kazi ya kufundisha mashine upya itaanza baada ya matengenezo, na kwamba siku ya arobaini atakuja kijijini. Sikumwomba aahirishe. Nilisafisha maboksi yote, nikabadilisha feni mbili, nikaziandaa mashine kwa kazi ya kumfuta kaka yangu. Niliziandaa vizuri, kwa sababu sijui namna nyingine ya kuziandaa.

Siku ya arobaini khitma ilisomwa, watu wakala. Dokta Pendo alikaa na kina mama nyuma ya nyumba akisaidia kuosha masufuria, wao wakimcheka anavyoshika mchanga kwa ncha za vidole. Baadaye akamwomba Zaituni, binti wa marehemu, amwonyeshe nguzo. Nikaenda nao.

Tulifika diko. Maji yalikuwa yamerudi chini, mitumbwi imefungwa, na nguzo ilikuwa imesimama wima, alama zake zinasomeka. Dokta Pendo akatoa simu yake yenye ramani, akatazama, akageuka huku na huku.

"Hapa sipo," akasema.

"Ndipo," Zaituni akasema. "Hapa ndipo Kwa Binti Sefu."

"Ramani inaniambia ni kule, kwenye kona ya mto mkubwa."

"Ah, kule! Kule ni zamani. Mamba alimchukua mke wa Mzee Kindamba, diko likahama. Tukaja huku kwenye mkono wa mto, maji yametulia, unamwona akija."

"Likahama na jina lake?"

"Sasa jina tungemwachia nani?"

Dokta Pendo akashusha simu. Akauliza taratibu, "Na nguzo?"

Zaituni akamtazama kama anavyotazamwa mgeni. "Na nguzo je? Ingebaki kule isomwe na mamba?"

Shemeji yangu, mjane, alikuwa ametufuata. Yeye ndiye aliyetueleza lilivyokuwa. Diko likiingia mamba, huku kwetu linahama lote siku moja: mitumbwi, mawe ya kufulia, kila kitu, na jina linafuata watu. Siku ile Bakari aliisoma nguzo mahali pa zamani, akaing'oa na wenzake, wakaileta. Hakukubali ikitwe ovyo. Alisimama majini mpaka kiunoni, vijana wanapiga maji kwa miti kumzuia mamba, yeye anawaambia gonga, gonga tena, basi, mpaka maji yakasimama kwenye alama ileile aliyoisoma kule.

"Alikuwa akisema hataki kuwavurugia namba zenu," shemeji akasema. "Tulimgombeza. Tulimwambia utaliwa kwa ajili ya kijiti."

Hapo Dokta Pendo akakaa chini, juu ya jiwe la kufulia. Mimi sikuwa nimeelewa bado. Alinieleza kwa kuchora mchangani. Maji yakiwa machache, mto na mkono wake husimama sawa, kwa hiyo siku ile na siku nyingi zilizofuata namba hazikuruka, na hakuna mtu wala mashine ambayo ingeona kitu. Lakini maji yakiwa mengi, kule kwenye kona hubanwa yakapanda kwa nguvu, na huku kwenye mkono yana pa kutawanyikia, yanapanda taratibu. Mashine ilikuwa inajua nguzo iko kwenye kona. Ikafundishwa, msimu kwa msimu, kwamba kwenye kona maji hupanda taratibu. Na shamba la kaka yangu lilikuwa kwenye kona.

Angeipachika ovyo, namba zingeruka, tungeuliza. Uangalifu wake ndio uliolificha jambo.

Tulitembea mpaka kule kona, vijana wametangulia wakipiga maji. Alama ya tope la mafuriko ilikuwa bado kwenye mashina ya mikuyu. Dokta Pendo aliipima kule, akarudi akaipima huku. Tofauti ilikuwa ya kimo cha kifua changu. Nilikwenda mtoni kunawa uso, na Zaituni akaniita, "Baba mdogo, usinawe hapo, ndipo alipokuwa yule mamba." Nikatoka.

Nimejiuliza sana kama kaka alijua kwamba maji ya kona si maji ya mkono. Bila shaka alijua. Mtoto yeyote wa bondeni anajua. Nadhani yeye alidhani mashine nayo inajua. Na mashine ilidhani yeye amesimama kwenye kona. Habari za mamba tulizipata wakati ule, alizisema kwenye simu baada ya namba, tukatuma rambirambi. Habari za kuhama hakuzisema. Kwake diko lilikuwa palepale, Kwa Binti Sefu.

Kabla hatujaondoka Dokta Pendo alimwomba mwenyekiti awaite watu waliobaki. Alisimama uani akawaambia, kwa maneno ya kawaida, kwamba utabiri ulikosea, kwamba namba za marehemu zilikuwa za kweli, na kwamba tangu nguzo iliposimamishwa hakuna mtu wa kituo aliyekuja kuitazama, na wa kwanza kutakiwa kuja alikuwa yeye. Alisema hajui kama angekuja mapema Bakari angekuwa hai, lakini hawezi kusema asingekuwa.

Mmoja akauliza kama mwakani utabiri utaendelea kuja. Akasema utakuja, na watu watakuja nao. Shemeji yangu ndiye aliyesema mwishoni, bila ukali, "Dokta, sisi tulidhani mnatuona kwenye hiyo mitambo."

Mashine ilifundishwa upya. Hatukufuta namba hata moja ya kaka, tulizihamisha tu, tangu siku ile ya mamba, zikae mahali aliposimama kweli. Niliwasha mashine mwenyewe na kazi ile ilichukua siku kadhaa. Nilikuwa nikiingia kusikiliza feni hata pasipo haja. Ilipokwisha Dokta Pendo aliniita nitazame mchoro: mstari wa nguzo ya juu, wa chini, na wa katikati. Safari hii mashine iliyapandisha maji ya kona kwa nguvu, na ya mkono taratibu, karibu sawa na mstari wa kaka. Mstari huo haukulala sawasawa kabisa na hesabu ya mashine, na nikamuuliza kwa nini.

"Mstari ukilala sawasawa kabisa, huo ndio wa kuutilia shaka," akasema.

Aliandika ripoti. Mkuu wa takwimu aliisoma, akanipigia simu mimi, akasema, "Mzee Mohamedi, pole. Nilisema vibaya." Nikamwambia nimesikia. Hatukuongeza. Tangu hapo kila nguzo inatembelewa baada ya maji kupungua, na msomaji anaulizwa kwanza yuko wapi, ndipo anaulizwa maji. Mkiona swali hilo kwenye utaratibu wenu mkaliona la kipuuzi, kwa sababu jina la nguzo limeshaandikwa hapo juu, msilifute.

Mengine ni machache. Fundi Rajabu alifariki, nikabaki peke yangu na viyoyozi. Maboksi yakazeeka. Lilipokufa moja nilitoa vipuri vyake kuyaponya mengine, mpaka mwishoni nilikuwa na chumba kizima na uhai wa nusu chumba. Siku hizi hesabu zinapelekwa kwa intaneti kwenye mashine zilizoko nchi za mbali, zinakwisha kabla chai haijapoa. Nimeulizwa kama naumia. Hapana. Zile ni bora. Hazina mijusi, au kama zinao hatuambiwi.

Frank alinionyesha hii modeli mpya inayojifunza yenyewe. Nilimwomba aipe misimu ile ya zamani, na nguzo ya Kwa Binti Sefu ikiwa mahali pasipo pake, kama tulivyokuwa nayo sisi. Akaipa. Haikuchukua muda, ikaiwekea nguzo ile alama ya njano: hapa pana shaka. Sitawaficha, nilitoka nje nikasimama kidogo. Ingekuwapo enzi zile, pengine mtu angeuliza.

Niliporudi nikamuuliza Frank, "Inasema shaka gani?"

"Haisemi, mzee. Inasema tu namba haziendani na wenzake."

Ndivyo alivyosema na mkuu wa takwimu. Alikuwa sahihi, haziendani. Kutoka hapo kuna njia mbili, kufuta au kwenda diko, na alama ya njano haikuchagulii. Sijui mashine za mbele zitafika wapi, waliosoma watawaambia. Mimi najua kwamba siku ile jibu lilikuwa Kwa Binti Sefu, kwenye mdomo wa binti aliyeshangaa kuulizwa.

Siku ya mwisho nilizima maboksi yaliyobaki, moja moja, kuanzia mlangoni. Fundi Rajabu alinifundisha kutozima yote kwa pamoja. Nilipitisha kiganja nyuma yake, yalikuwa bado ya moto. Nikafunga mlango, nikamkabidhi Frank ufunguo, naye akaniuliza matairi yakiwekwa humo itakuwa vibaya. Nikamwambia chumba ni chumba.

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani nikirekebisha mlango wa banda la kuku, Zaituni akapiga. Yeye ndiye msomaji sasa, kijiji kilimchagua.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za bondeni?"

"Njema. Mamba karudi. Jana kajianika palepale tunapochota. Tunahama leo, tunasogea upande wa juu."

"Diko mtaliitaje?"

"Kwa Binti Sefu. Tuliiteje tena?"

Nyuma yake nilisikia watu, na vijana wanaopiga maji. "Na nguzo?"

"Bado iko mahali pake. Nimewaambia asiiguse mtu. Frank yuko njiani, ameshapita Ikwiriri." Mwanamume mmoja akapaza sauti kwamba huyo Frank aongeze mwendo, mamba hana likizo, na wengine wakacheka. Zaituni akawanyamazisha.

"Mimi nimeshastaafu, mwanangu. Ukishampata Frank inatosha."

"Najua. Nimekupigia wewe ili ujue tu."

Nikamuuliza maji yamesimama wapi. Akaniambia namba. Nikairudia kwa sauti, nimeshika nyundo mkononi, kuku wananitazama.

"Ndiyo hiyo," akasema.